Kuta za Nyuma

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Herufi, na mwenyewe alishazoea hivyo kiasi kwamba nesi wa zahanati akilitaja lile jina la kwenye kadi, aligeuka kumtazama mtu aliyekaa nyuma yake. Kazi yake ilikuwa kuandika mabango. Kwa miaka thelathini na tano, maduka, vinyozi, shule na milango ya vyoo vilisomeka kwa mkono wake. Ukitaka "USIKOJOE HAPA" isomeke kwa upole, alikuwa na herufi za upole. Ukitaka isomeke kama kofi, alikuwa nazo pia.

Baraza la nyumba yake ndilo lililokuwa karakana. Mabati yaliegemea ukuta kwa ukubwa, kuanzia la duka la jumla hadi lile dogo la "CHUMBA KINAPANGISHWA". Makopo ya rangi yalipangwa chini ya benchi, na brashi zake zilisimama ndani ya kopo la maziwa lililojaa tapentaini. Tangu zilipokuja mashine za kuchapa mabango ya plastiki, kazi ilikuwa inakuja kwa kubahatisha. Herufi hakuzilaani mashine. Alisema tu kwamba bango la plastiki likipigwa jua miezi sita linapauka kama mgonjwa, na hapo watu humkumbuka.

Aliishi na dada yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi. Alimzidi miaka kumi na minne. Wazazi wao walipofariki, wakifuatana kabla machozi ya wa kwanza hayajakauka, Herufi alikuwa hajang'oa hata jino la kwanza. Dada akamshika mkono, maisha yakaendelea. Wanaume waliokuja kumposa aliwaambia wazi, "Mimi nina mtoto," na mtoto mwenyewe alikuwa amekaa palepale akichora mchangani kwa kijiti. Wengine waliaga siku hiyohiyo. Mmoja alirudi mara tatu, naye mwishowe akachoka. Dada hakuolewa. Alifua nguo za watu kijitoni, akaokota kuni msituni, na kwa sabuni na kuni hizo Herufi akasoma mpaka mwandiko wake ukampita mwalimu. Dada mwenyewe hakujua hata a. Akipita chini ya bango la ndugu yake alisimama, akalitazama juu mpaka chini, akasema, "Sijui linasema nini, ila limesema vizuri."

Kijito hicho kilipita nyuma ya nyumba zao, hatua kumi tu kutoka ukutani, kikishuka kutoka kwenye msitu mdogo uliobaki upande wa juu wa mtaa. Zamani watu waliishi kwacho. Maji ya bomba yalipoingia, wakakipa mgongo. Nyumba zote zilijengwa zikitazama barabara nyembamba ya vumbi ya mbele, na ukuta wa nyuma ukaachwa mtupu, bila dirisha, kama kisogo. Mwisho hata jina lake likapotea. Kikaitwa "nyuma" tu. Taka umezipeleka wapi? Nyuma. Paka amekufa, akatupwe wapi? Nyuma. Herufi naye alikuwa hivyohivyo. Makopo yake matupu ya rangi yalikwenda nyuma, na hakuwahi kuyawaza tena.

Dada alipofika miaka sabini na moja, kumbukumbu zilianza kumponyoka. Zilianza na vitu vya kuchekesha. Alitia chumvi kwenye birika la chai. Alimkaribisha fundi cherehani, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, akamuuliza habari za safari, na fundi alikuwa ametoka nyumba ya pili. Walicheka, naye akacheka nao. Kisha ikaja siku alipotoka kwa mlango wa uani asubuhi, asirudi.

Walimtafuta mpaka saa nane mchana. Fundi cherehani ndiye aliyemkuta, mbali kule juu msitu unapoanzia, ameketi kwenye jiwe, miguu ndani ya maji.

"Shangazi, twende nyumbani. Ndugu yako anakutafuta mpaka sauti imemkauka."

"Subiri kwanza mama amalize kufua," Dada akajibu.

Mama yao alikuwa kaburini miaka hamsini na ushee.

Nesi wa zahanati alimpima, akazungumza na Herufi pembeni. "Baba, dawa ya kuyarudisha haya hakuna. Nikikuambia ipo nitakuwa nakudanganya. Ukimfungia ndani atakwisha kwa huzuni kabla ya siku zake. Mwache atembee. Ila hakikisha anaijua njia ya kurudi."

Sasa Herufi, mtu wa mabango, alifanya anachokijua. Alichukua bati, akaandika NYUMBANI kwa herufi nene nyekundu, akachora mshale, akalipigilia mtini karibu na kijito. Kesho yake alimfuata Dada kwa mbali. Dada akalifikia lile bati, akasimama, akalitazama juu mpaka chini. "Limesema vizuri," akasema, akaupita mshale na kuelekea kusikojulikana.

Herufi alirudi barazani akakaa kati ya mabati yake. Miaka thelathini na tano amewaonyesha watu njia za kwenda kwa wakala, kwa daktari wa meno, kwa fundi wa saa, na mtu mmoja aliyempeleka shule hakuweza kumwonyesha njia ya kurudi kitandani kwake.

Ndipo akachukua rangi ya bluu, akaenda kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba yake, akachora ndege. Alichora mdiria, yule mvuvi mdogo wa kandokando ya maji, kwa kuwa alikumbuka Dada akimwonyesha alipokuwa mtoto. Alimaliza jioni, akamwita Dada aje aone.

Dada alimtazama ndege, akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakaanza kutikisika.

"Unacheka nini, Dada?"

"Nani amemvalisha kuku nguo ya bluu?"

"Si kuku. Ni mdiria."

"Mdiria mdomo wake mrefu kuliko umbea. Na hakai hivi amejivuna. Hukaa ameinamisha kichwa, anatazama maji kama mtu aliyeangusha sindano."

Herufi akagundua kwamba hajamwona mdiria tangu alipokuwa kijana. Asubuhi iliyofuata walipanda wote wawili kufuata kijito, wakikanyaga mifuko ya plastiki na viatu vibovu, mpaka kule ambako maji yalikuwa bado yanajulikana rangi yake. Wakakaa kimya. Mdiria akaja. Akainamisha kichwa vilevile kama mtu aliyeangusha sindano. Herufi alirudi, akafuta kuku wake, akaanza upya.

Picha moja haikutosha, maana kutoka msituni hadi nyumbani ni mwendo, na zilikuwepo nyumba sita zilizopakana na kijito. Akaenda kwa fundi cherehani.

"Nina ukuta mmoja tu wa nyuma," fundi akasema bila kuinua macho kwenye cherehani, "na wewe unataka kuniwekea chura?"

"Chura mmoja tu."

"Chura hawaji mmoja. Wakija wanakuja na ukoo."

"Ni kwa ajili ya Shangazi."

Fundi akaachia mguu, cherehani ikanyamaza. "Basi mchore. Ila asinitazame mimi. Atazame maji."

Baada ya chura akaja kereng'ende, mbawa zake nne kwenye ukuta wa mjane aliyekuwa haongei na mtu. Muuza mkaa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu hata wa mtaa wa tatu, alipewa kenge mrefu wa ukuta mzima. Kisha hondohondo, yule ndege mwenye domo kubwa. Na kwenye nyumba ya mwisho, ile iliyogusana na msitu, Herufi alichora mkuyu wenye mizizi iliyofumuka kama mishipa ya mkono wa mzee. Kila picha ilisahihishwa na Dada. Alikuwa hawezi kukuambia leo ni siku gani, lakini alijua chura yupi ana mstari mgongoni na yupi hana, na jani la mkuyu ukilipapasa kwa chini linakwaruza namna gani.

Njia ikakaa. Kila asubuhi Dada alitoka, akaweka kiganja juu ya mdiria, kisha chura, kisha kereng'ende, hadi mkuyu wa ukutani, na kutoka hapo hadi mkuyu wenyewe. Akishakaa chini yake kadiri alivyotaka, alirudi kiganja kwa kiganja. Miezi kumi na moja hakupotea hata mara moja.

Wala Herufi hakupanga yaliyofuata. Watu walianza kupita nyuma kutazama picha, na waliopita walikuta harufu. Mvua ilipoyarusha matope na taka mpaka kwenye mkia wa kenge, muuza mkaa alisimama pale mikono kiunoni.

"Nani amemtupia kenge wangu nepi? Nauliza kwa heshima, kabla sijauliza kwa njia nyingine!"

Wiki ile taka upande wake zilipungua. Kisha mjane wa kereng'ende akaonekana na reki. Kisha wengine. Mwalimu mmoja akaleta wanafunzi wake, na Dada akajikuta anazungukwa na watoto thelathini wakimuuliza, "Huu mti unaitwaje, Shangazi? Na huu?" naye akiwajibu mmoja mmoja bila kukosea. Fundi cherehani siku moja alipiga nyundo ukutani tangu asubuhi. Watu wakadhani amegombana na nyumba. Kumbe anatoboa dirisha upande wa nyuma, juu kidogo ya chura, apate kushona huku akisikia maji. Herufi alisimama nje akitazama vumbi la matofali likimwagika, akajifanya vumbi ndilo linalomkohoza.

Mwishoni mwa mwaka ule mwenyekiti wa mtaa alimletea kazi. Bango kubwa, mabati mawili yaliyounganishwa, la kusimikwa kwenye nguzo mwanzo wa mtaa. Herufi alikuwa hajapata bango la ukubwa ule siku nyingi, akaipokea karatasi ya maneno kwa mikono miwili.

Watu hawajui kwamba mwandika mabango hasomi. Anahesabu. Anatazama mstari una herufi ngapi, anagawa nafasi, anapiga mstari kwa uzi wa chaki, kisha anachora herufi moja baada ya nyingine kama mtu anayepanga matofali. Maana ya neno humfikia mwisho, au haimfikii kabisa. Herufi alimaliza MRADI WA UBORESHAJI akiwa anapiga mluzi. Akaingia mstari wa pili. Alipofika kwenye KUFUNIKA KIJ, brashi ikasita. Akasogea nyuma. Akachukua karatasi akaisoma, safari hii kama watu wengine wanavyosoma.

KUFUNIKA KIJITO NA KUJENGA BARABARA YA LAMI. UPANA MITA KUMI NA MBILI.

Kutoka ukuta wa nyuma hadi maji ni hatua kumi. Hesabu haikuhitaji karatasi. Na barabara haikuweza kupanda juu bila kupita msituni.

Alimfuata mwenyekiti, rangi ikiwa bado mikononi.

"Hii karatasi umeisoma?"

"Nimeisoma, mzee wangu."

"Kijito kinafunikwa."

"Kinaingizwa kwenye karavati. Maji yatapita chini, magari yatapita juu. Wameshaamua huko. Mimi nimeletewa tu, kama ulivyoletewa wewe."

"Mimi siliandiki."

Mwenyekiti hakukasirika. Alikuwa mtu mstaarabu, na Herufi alitamani angekuwa mkali, walau apate pa kushika. "Usipoliandika wewe," akasema taratibu, "kesho saa nne linachapwa kwa mashine. Nimekuletea wewe kwa sababu ni wewe. Fikiria."

Herufi akafikiria, na alichokipata kilikuwa kidogo na cha aibu: akiandika mwenyewe, anaweza kuchelewa. Basi akachelewa. Herufi moja aliipaka rangi mara tatu. Aliikwangua O nzima akisema haijakaa sawa. Alingoja rangi ikauke hali ilikuwa imeshakauka. Hakumwambia Dada, hakumwambia fundi, alifunika bati kwa turubai kila mtu alipopita. Alijipatia siku nne. Siku ya tano injinia alikuja mwenyewe, kijana mwenye buti safi na adabu nyingi, akaomba kuona kazi imefikia wapi.

"Mzee, una mkono," akasema kwa moyo wote. "Siku hizi hakuna tena watu wa hivi. Na zile picha za nyuma ni zako? Nimezipiga zote kwa simu. Nitaziweka kwenye ripoti, ukurasa wa mbele."

"Na kuta zenyewe?"

Injinia akatazama buti zake. "Kuta ziko ndani ya hifadhi ya barabara, mzee. Lakini ripoti inakaa miaka na miaka."

Bango likasimikwa. Watu walijua siku hiyo, na wengine walimtazama Herufi kana kwamba yeye ndiye aliyeukata msitu kwa brashi. Muuza mkaa alimpita bila salamu. Jambo lile lilimuuma kuliko alivyotarajia.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule, wakubwa kwa wadogo wamebanana kwenye madawati. Injinia aliwaonyesha picha ya barabara, na barabara ilikuwa nzuri, hilo Herufi hakulikataa. Mjane alisema anataka kijito. Muuza mkaa alisema barabara ijengwe huko mbele, kwani mbele kuna nini? Injinia akaeleza kwamba mbele kuna nyumba arobaini za kubomoa, na nyuma hakuna nyumba, kuna kuta tu. Kisha fundi cherehani akanyanyuka.

Herufi alimtazama rafiki yake akijua atasema nini, kwa sababu ya dirisha. Lakini fundi hakumtazama.

"Mnanijua," fundi akasema. "Mnajua mke wangu tulimtoa humu kwa mkokoteni, kwa kuwa gari la wagonjwa halikuweza kuingia. Mnajua tulimfikisha wapi. Mimi yule chura nampenda. Naapa nampenda. Lakini nataka barabara." Akaketi, akaanza kukunjakunja kofia yake.

Hapo ndipo Herufi aliposimama. Alikuwa amejipanga tangu jana, maneno yote kwenye mistari, nafasi zimegawanywa. Alifungua mdomo, yakamtawanyika kichwani kama makopo yaliyopigwa teke. Angemwambia nini mtu aliyemsukuma mkewe kwenye mkokoteni? Alisimama mpaka watu wakaanza kutazama chini kwa ajili yake.

"Dada yangu hupita pale," akasema hatimaye.

"Tutaweka njia ya waenda kwa miguu, mzee," injinia akajibu kwa upole, na akaandika jambo hilo kwenye daftari. Wengine wakapiga makofi. Walimaanisha vizuri.

Walipotoka nje, muuza mkaa alimshika bega. "Nisamehe kukupita siku ile. Wewe uliandika tu. Ndugu yangu, machozi ya samaki huenda na maji, nani atayaona?"

Mitambo ilikuja mwezi uliofuata, baada ya mvua. Ilianza juu, kwenye msitu. Mti mkubwa hauanguki kwa kishindo kimoja kama watu wanavyodhani. Unalia kwanza, muda mrefu, kama mlango wa nyumba isiyokaliwa. Mkuyu ulilia asubuhi nzima. Herufi alikuwa amemweka Dada chumbani, akimwimbia, akimpa kitambaa akunje na kukunjua, na kila ule mlio ulipopenya Dada aliinua kichwa.

"Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa, Dada."

"Mwambieni anywe maji."

Kuta zilifuata. Mjane aliomba abakiziwe kipande chenye kereng'ende, wafanyakazi wakajaribu kwa nia njema, wakakikata kwa mzunguko, kikapasuka katikati. Fundi alibomoa ukuta wake mwenyewe, tofali kwa tofali, hakutaka mtambo uuguse. Herufi alimwona kwa mbali. Alitaka kwenda kumsaidia, alitaka pia kumtukana, na kwa kuwa hakuweza kuchagua alibaki amesimama.

Dada alitoka siku tatu baadaye, mtu akiwa amesahau kufunga mlango. Herufi alimkuta mbele ya lundo la udongo mwekundu lililokuwa kijito. Alikuwa amenyoosha kiganja hewani, mahali ukuta ulipokuwa, anakisogeza kushoto, anakisogeza kulia. Hakulia. Alipomwona Herufi alitabasamu kwa heshima, kama tunavyomtabasamia mtu tuliyekutana naye safarini.

"Samahani, kaka," akasema. "Hapa ni kwa nani?"

Herufi hakukubali kushindwa mara moja. Alichora ndani ya nyumba. Kwenye ukumbi mwembamba, kutoka mlango wa mbele hadi kitanda cha Dada, alichora picha zote sita upya, mdiria mpaka mkuyu, kwa rangi nzuri kuliko za mwanzo. Zilimchukua wiki mbili. Dada alipita kati yake akitazama huku na huku.

"Umechora vizuri," akasema. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Hakuweka kiganja juu ya hata moja. Hapakuwa na harufu ya maji pale, wala baridi ya asubuhi, wala majani ya kukwaruza. Zilikuwa picha ukutani.

Barabara ikamalizika, na ilikuwa kama walivyosema. Gari la wagonjwa liliingia mara mbili mwaka ule, na mara zote mbili mtu alipona. Nyumba zikajengewa kuta mpya zenye milango, kilichokuwa nyuma kikawa mbele, wapangaji wakagombea vyumba vya barabarani. Fundi cherehani alifungua duka na kibaraza. Alikuja kwa Herufi kofia mkononi.

"Nataka bango."

"Litasemaje?"

"Liseme USHONAJI." Akaigeuza kofia mkononi. "Na uweke yule chura. Kama hutajali."

Herufi alilichora. Wengine wakaliona, nao wakataka. Kinyozi akamtaka hondohondo. Muuza mkaa, ambaye sasa aliuza na gesi, akamtaka kenge wake, tena mrefu vilevile. Herufi hakuwahi kupata kazi nyingi hivyo tangu ujana. Watu walimsimulia mgeni kwa fahari kwamba mtaa huu ni wa wanyama, na mgeni akiuliza wako wapi walimwonyesha mabango. Mdiria wa mwisho Herufi alimchora kwa mazoea tu. Alipofika miguuni alisita: ni myekundu au myeusi? Alimwita Dada barazani, akamwonyesha.

"Miguu yake rangi gani, Dada?"

Dada aliitazama picha kwa makini, muda mrefu, akitaka sana kumsaidia. "Sijui, baba," akasema. "Mimi sijawahi kumwona huyu."

Basi akaifanya myekundu. Huenda ndivyo ilivyo.

Dada hakuacha kutoka. Njia ya waenda kwa miguu ilikuwepo, kama ilivyoandikwa kwenye daftari, lakini Dada hakutembea juu yake. Alitembea katikati ya lami, pale maji yalipokuwa yakipita. Pikipiki ilimkosa kwa upana wa kanga. Dereva alianguka akachubuka, na alipomwona ni bibi kizee, akakaa kandokando ya barabara, pikipiki akaiacha palepale. Mara ya pili lilikuwa lori. Herufi alikwenda dukani akanunua kufuli. Aliikumbuka kauli ya nesi, na alikaa na kufuli ile mfukoni siku tatu nzima kabla ya kuitumia.

Asubuhi moja alikuwa barazani, anaandika bango la duka la dawa. Mlango ukagongwa kutoka ndani. Ulibishwa polepole, mara tatu, kwa adabu ya mgeni.

"Hodi wenyewe," Dada akasema.

Brashi ikabaki hewani.

"Hodi hapa."

"Karibu," Herufi akajibu, maana hodi haiachwi bila jibu.

"Asante, sikai. Naomba tu mnifungulie nipite. Kuna mdogo wangu anatoka shule saa hizi, akikuta nyumba haina mtu ataogopa."

Herufi aliweka brashi chini. Akatoa ufunguo mfukoni. Alipofungua, Dada alimshukuru, akamuuliza habari za nyumbani kwake, akaanza kuelekea barabarani. Herufi akamwahi, akamrudisha, akamkalisha kwenye kigoda karibu yake. Akamshika kifundo cha mkono kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akaokota brashi, kwa kuwa mwenye duka angekuja saa sita na rangi ilikuwa inakauka kwenye kopo.

"Hajatoka tu?" Dada akauliza.

"Bado kidogo, Dada."

Gari likapita, kisha jingine. Dada alikaa vizuri, miguu pamoja, kama mtu aliye kwenye foleni ya zahanati. Baada ya muda akauliza tena, kwa sauti ileile, na Herufi akamjibu vilevile.